Mizizi mitupu juu ya tawi la mwembe: ni okidi gani hii, na nitaitunzaje?

#1 Mleta uzi, Muheza

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa mtu anayejua mimea.

Juzi usiku upepo ulivunja tawi la mwembe ulio nyuma ya nyumba ya mama. Asubuhi nilipokwenda na panga kulikata kuni, nikakuta kwenye panda ya tawi fundo la mizizi. Si mizizi ya mwembe. Ni ya kijivu, myembamba kama tambi, imejisokota na kushikamana na gome, fundo zima kama kiota cha ndege kilichofumuka. Nimetafuta jani, hakuna hata moja. Katikati kuna kishina kifupi kisichofika urefu wa kidole gumba, na hapo pananing'inia nyuzi mbili kavu zenye vijipumba vidogo vidogo kama mashuke yaliyokwisha kupukutika.

Mama kaniambia, "Hicho ndicho kilichoua tawi, kitie motoni." Nikawa nakwenda nacho jikoni. Mvua ikaanza kunyunya, nikasimama barazani nimelishika lile tawi nje ya kipaa. Hazikupita dakika tano ile mizizi ya kijivu ikageuka kijani, kijani cha embe bichi. Sikuweza tena kuichoma.

Picha nimeweka tatu. Ni mmea gani? Uko hai kweli? Na kama uko hai, nifanye nini ili usife?

#2 Mchangiaji, Kwale

Ndugu yangu, umefanya jambo jema. Uko hai kabisa. Hiyo ni okidi isiyo na majani, na naona kwa picha zako ni ya jenasi ya Microcoelia. Zipo aina kama 30, zote za Afrika, Madagaska na visiwa vya jirani. Huku kwetu Kwale naziona kwenye vichaka na kwenye miembe ya zamani tangu utotoni, na kwa miaka mingi nami nilidhani ni uchafu wa mti.

Usitafute majani, hayatatokea. Kazi ya jani inafanywa na mzizi. Ndani ya mzizi kuna umbijani uleule ulio kwenye jani la mchicha, na nje umefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, laini kama sifongo, ambalo wataalamu huliita velameni. Likiwa kavu limejaa hewa, ndiyo maana unaona kijivu. Likilowa linakuwa angavu, na kijani cha ndani kinaonekana. Ulichokiona barazani ni mmea ukinywa maji.

Angalia vizuri mizizi ikiwa imelowa. Utaona vistari vyeupe vidogo vimebaki vikavu juu ya kijani. Usivipanguse ukidhani ni ugonjwa. Mzizi hauna stomata, yaani vitundu vya kupumulia, kama jani, na hivyo vistari ndiyo njia zake za kupitisha hewa. Na usiku ndipo unapovuta kabonidayoksaidi na kuihifadhi, halafu mchana wenye jua unaitumia kutengeneza chakula bila kupoteza maji mengi.

#3 Mchangiaji, mkulima wa machungwa

Mimi nina michungwa na nakwangua vitu hivi kila mwaka. Mkuu usimdanganye mwenzako. Kila mti wangu uliodhoofika nimekuta una hiyo mizizi. Ni kimelea.

#4 Mchangiaji, Kwale

Mkulima, nakuheshimu, na ulichokiona ni kweli: mizizi hii na matawi yaliyochoka huonekana pamoja. Lakini tazama kipi kilitangulia. Tawi likizeeka gome lake hupasuka na kukwaruza, na majani yakipungua mwanga huingia ndani. Gome la kukwaruza na mwanga ndivyo vitu ambavyo mbegu ya okidi inavitaka. Kwa hiyo okidi inafika mti ukiwa umeshachoka.

Kimelea cha kweli unakijua, kile chenye majani mabichi mazito kinachoota juu ya mchungwa na kuvimbisha tawi pale kilipoingilia. Kile mzizi wake umezama ndani ya mti na unanyonya. Ukikikata ukapasua tawi utaona kimeungana na mbao. Okidi haiingii. Imepanga juu ya gome, inakunywa mvua na umande, na inakula vumbi na mabaki yanayooza kwenye mipasuko. Mleta uzi ana tawi mkononi, ambandue mzizi mmoja tu mfupi, wa pembeni, atueleze alichokiona chini yake.

#5 Mleta uzi

Nimefanya hivyo sasa hivi kwa ncha ya kisu, mama amesimama ananiangalia.

Upande uliolala kwenye mti mzizi umekuwa bapa, kama mkanda, na una vinyweleo vifupi vilivyoshika mikwaruzo ya gome. Ulitoka kwa sauti ndogo, kama unapobandua plasta. Chini yake gome ni zima. Hakuna tundu, hakuna kovu, kuna alama nyeupe tu. Nimekata gome lenyewe mpaka kwenye mbao, hakuna kilichoingia. Tawi lenyewe ndani limeoza, lina mchwa. Mchwa ndio waliolivunja.

Na vile vistari vyeupe nimeviona! Vimepangana kama mishono ya cherehani.

Mama kasema, "Basi kiweke, lakini kisije kwenye kuta zangu."

#6 Mchangiaji, Tukuyu

Uzi mzuri. Huku kwetu ukisema okidi watu wanafikiri viazi vyake, vile vinavyochimbwa kutengenezewa chikanda, kile chakula cha Wazambia. Zile ni okidi za ardhini, na kwa kweli zimechimbwa mno. Kuna mabonde ambayo zamani yalijaa maua na sasa unazunguka saa nzima huoni kitu. Kitulo, huku huku nyanda za juu kusini, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na maua ndiyo sababu kubwa.

Hizi zisizo na majani huku milimani pia zipo, kwenye misitu ya baridi. Mojawapo inaitwa Microcoelia stolzii, kwa jina la Adolf Stolz, mmisionari aliyekusanya mimea mingi huko Kyimbila, Rungwe. Lakini ya Muheza haiwezi kulelewa kama ya kwetu. Yetu imezoea ukungu na usiku wa baridi kali.

#7 Mchangiaji, Dar es Salaam

Naandika kwa uchungu kidogo. Mwaka juzi nilinunua fundo kama hilo kwa muuza maua mmoja. Akanipa kwenye kopo, limejazwa udongo mweusi na samadi, akaniambia nimwagilie kila siku asubuhi na jioni. Nikafanya kama alivyosema. Wiki ya tatu mizizi ikawa kahawia, ukiiminya inatoa maji, ndani umebaki uzi tu kama wa katani. Nilifikiri mkono wangu ndio mbaya. Leo nikisoma hapa kwamba mzizi ndiyo jani, naelewa kwamba nilikuwa nimeyafukia majani yote kwenye samadi.

Naomba huyo wa Kwale atueleze hatua kwa hatua namna ya kulea.

#8 Mchangiaji, Kwale

Pole sana ndugu yangu wa Dar. Mkono wako hauna tatizo. Nitaeleza ninavyofanya mimi, nilipo pwani, na kila mtu apime na hali ya kwake.

La kwanza na kubwa ni kutoibandua. Mizizi iliyokwisha kushika haishiki tena mahali pengine, ni mipya tu inayoshika. Ukiing'oa yote mmea unabaki unaning'inia, unaweza kukaa miezi bila kusonga au ukafa. Kata kipande cha tawi pamoja nayo, sentimita 20 kila upande. Kwa mleta uzi, kwa kuwa tawi limeoza na lina mchwa, kung'uta mchwa wote, kisha funga kipande hicho ubavuni mwa tawi zima la mwembe uleule, kimo cha macho, gome kwa gome. Mizizi mipya itavuka yenyewe. Mwaka kesho hata kipande cha zamani kikimomonyoka, mmea utakuwa umeshahamia. Nakuambia mti uleule kwa sababu umekwisha kuukubali, na kivuli chake na hewa yake ni ileile.

Asiye na mti atumie gogo kavu lenye gome gumu, alitundike mahali pa hewa. Pa kufungia tumia mshipi wa kuvulia samaki au vipande vya soksi za nailoni za akina mama, ambavyo havikati mzizi. Waya wa shaba usiuguse kabisa, shaba ni sumu kwa mizizi ya okidi.

Maji. Hapa sahau saa na ratiba, tazama rangi. Mzizi wa kijivu unataka maji, wa kijani umeshiba. Mimi napulizia asubuhi mpaka fundo zima liwe kijani, naliacha, na kabla ya adhuhuri liwe limerudi kijivu. Likibaki kijani mpaka jioni, hewa haitoshi na kuoza kunakuja. Kiangazi chenye kaskazi kikavu napulizia mara mbili, ya pili saa kumi jioni, isilale na maji. Mvua zikinyesha kila siku siipulizii hata tone.

Maji ya kisima chetu cha pwani yana chumvi, na chumvi imeniulia nyingi kuliko jua. Ncha za mizizi zilikuwa zinageuka nyeusi moja baada ya nyingine, na mimi naongeza maji nikidhani ni kiu. Sasa nakinga maji ya mvua kwenye pipa, yakiisha naazima kwa jirani.

Mbolea ni ya maji, ile busta ya kawaida ya mboga, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki mbili, na siku zote baada ya kulowesha mizizi kwa maji matupu kwanza. Mzizi mkavu ukipokea mbolea unaungua.

Mwanga uwe ule unaopenya majani, wenye madoa ya jua yanayotembea chini. Giza la ndani ya nyumba haliifai, na jua la saa saba juu ya bati linaipika. Na msiifunike na makumbi wala kuvumwani kwa kuionea huruma, kwa sababu mnakuwa mmeifunika majani.

Mwisho, ncha. Mzizi wenye afya una ncha ya kijani inayong'aa kama kioo, urefu wa punje ya mpunga. Hapo ndipo unapokua. Ukiigusa ikavunjika, mzizi huo husimama au hutoa tawi pembeni baada ya muda mrefu. Konokono wanaipenda hiyo ncha. Nendeni na tochi usiku wa mvua, mtawaona.

#9 Mchangiaji, Kigamboni

Mnazipata wapi? Nataka kama 10 nipambe ukumbi. Nina ndugu Dubai naye anataka.

#10 Mchangiaji, Kwale

Ndugu, kwa hili nitakuomba upunguze mwendo. Okidi za mwituni karibu zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya mwituni, kiambatisho cha pili, maana yake kuivusha mpaka bila kibali ni kosa, hata iwe zawadi kwa ndugu. Na kwenye misitu ya hifadhi huruhusiwi kuchuma bila kibali. Lakini hata pasipo na askari, fikiria mbegu yake: ni vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina yake atakayeilisha mwanzoni. Katika vumbi lote la tumba moja ni chache mno zinazofika kuwa mmea. Fundo unaloliona lina miaka mingi.

Nenda baada ya upepo, uliza kwa wenye mashamba wanaokata miembe na mikorosho ya zamani, uokote iliyoanguka. Nilizonazo zote nimezipata hivyo.

#11 Mleta uzi

Wazee, nimefunga kipande kwenye mwembe kama mlivyonielekeza, upande wa mashariki. Sasa lile swali langu la kwanza halijajibiwa. Ni Microcoelia ipi?

#12 Mchangiaji, Kwale

Bila ua sitakudanganya. Mizizi inatupa nusu ya jibu tu. Ila majina yenyewe yanasaidia, maana waliozipa majina waliandika walichokiona. Microcoelia maana yake ni tumbo dogo, kwa ajili ya kile kifuko cha nekta kilicho nyuma ya ua. Kwa hiyo kifuko ndicho tutakachokiangalia.

Huku pwani ya Kenya na Tanzania kuna ya mizizi minene ya rangi ya fedha, inaitwa megalorrhiza, yaani mzizi mkubwa. Yako ni myembamba mno, hiyo tuitoe. Kuna aphylla, isiyo na jani, lakini ile ina shina refu linalotambaa vichakani na mizizi imeachana kando yake. Yako ina kishina kifupi na mizizi yote inatoka mahali pamoja, nayo tuitoe. (Wapo pia wanaochanganya na vanila ya pwani, Vanilla roscheri, isiyo na majani nayo. Lakini ile ni kamba nene ya kijani yenye utomvu na maua makubwa meupe, ukiiona mara moja huchanganyi tena.)

Zinabaki kwangu mbili za kupimana. Physophora, maana yake mbeba kibofu, kifuko chake ni kirefu chembamba kisha kinavimba mwishoni. Na exilis, maana yake nyembamba, iliyoandikwa na John Lindley mwaka 1830. Mizizi yake inagawanyika sana, maua ni madogo kupita kiasi, mengi kwenye kikonyo kimoja, na kifuko chake ni cha mviringo tu kama shanga.

Ikichanua, lete rula na kioo cha kukuzia.

#13 Mleta uzi (baada ya miezi saba)

Wakuu, nimerudi. Niliogopa uzi umefungwa.

Kwanza habari za mmea. Miezi miwili ya mwanzo haukufanya kitu, nikawa napita kila asubuhi kabla ya kazi naangalia rangi. Mwezi wa tatu ncha zikaanza kung'aa, nikahesabu 14. Mizizi minne imeshavuka kutoka kipande cha zamani kwenda kwenye tawi jipya, na mmoja umezunguka upande wa nyuma kabisa. Kiangazi palikuwa pagumu, ikanibidi nipulizie asubuhi na alasiri, na siku nilizosafiri mama ndiye aliyepulizia. Aliniambia kwa simu, "Kimekunywa, kimekuwa kijani." Konokono niliwakamata wawili.

Vuli ilipoanza vikatoka vikonyo vitano katikati ya fundo, vyembamba kama uzi wa kushonea, na kila kimoja kimepangwa vipunje vyeupe kutoka chini mpaka juu. Mwanzoni nilidhani ni machipukizi ambayo bado hayajafunguka, nikawa nasubiri. Siku ya nne nikachukua kioo cha kukuzia cha marehemu baba, cha kusomea. Kumbe ndiyo maua yenyewe, yamefunguka kitambo!

Nimeweka kikonyo kimoja kando ya rula. Urefu sentimita 17, maua 52. Ua moja halifiki milimita 3, petali zake na kifuko kwa pamoja. Nimeliweka pembeni ya punje ya mchele kwenye picha ya pili, punje ni ndefu kuliko ua. Kifuko nimekiangalia kwa pembeni, mwanga ukitokea nyuma: ni mviringo, hakina shingo, hakijabana mahali popote. Mizizi nayo inagawanyika kama ulivyosema, mmoja nimehesabu una matawi sita.

#14 Mchangiaji, Kwale

Nimeziangalia picha zako mara tatu na nimewaita watoto wangu waone. Kifuko cha mviringo kisicho na shingo, ua chini ya milimita 3, kikonyo chenye maua zaidi ya 50, mizizi iliyogawanyika, kishina kifupi. Hiyo ni Microcoelia exilis. Andika kwenye kibao, pamoja na tarehe na mahali ulipoiokota. Tarehe ya kuchanua nayo iandike kila mwaka.

Na mpe mama salamu zangu.

#15 Mchangiaji, mkulima wa machungwa

Mleta uzi, nilisoma yote. Jumamosi nilikwenda shambani na kisu, nikabandua mzizi mmoja kwenye mchungwa kama ulivyofanya. Gome zima. Nikapasua tawi, nikakuta njia za mdudu anayetoboa mbao, unga umejaa. Nimeacha kukwangua. Nikipogoa tawi lenye mizizi hiyo nitalifunga kwenye mkwaju ulio mpakani. Swali langu moja: naweza kupulizia dawa ya wadudu kwenye michungwa ikiwa okidi iko juu?

#16 Mchangiaji, Kwale

Ahsante sana mkulima. Dawa za maji zenye shaba, zile za ukungu wa majani, usipulizie tawi lenye okidi. Kwa huyo mtoboaji wa mbao, kata tawi lililoathirika ulichome, na okidi iliyoko juu yake uikate na kipande cha gome tu, ukihakikisha hakina tundu. Mkwaju ni chaguo zuri, gome lake linakwaruza na halivuliki ovyo.

#17 Mleta uzi

Salamu zimefika. Kibao nimeandika kwa rangi ya mafuta kwenye kipande cha bati, nimekifunga kwa mshipi.

Maua mengi yamekauka sasa. Leo asubuhi mama ameniita tuangalie kikonyo cha chini: nyuma ya maua mawili yaliyonyauka pamevimba vitu viwili vya kijani, kila kimoja kama punje ya ulezi. Kuna mdudu aliyefika hapo ambaye hatukumwona. Nitapiga picha kesho mwanga ukiwa mzuri, na nimemwomba mama asiwafukuze sisimizi wala nyuki hapo mwembeni mpaka nijue ni nani.